Siku 4 za baiskeli vijijini Ufaransa, vilima lakini si Alps: nipite wapi?

Salma_wa_Saône

Wakuu, habari zenu. Naishi Lyon, huu mwaka wa nne, na baiskeli yangu ya mbio imeshaikariri njia ya ukingoni mwa mto Saône. Miti, wavuvi, tambarare, basi. Nimechoka na tambarare. Katikati ya Juni nina siku 4, Ijumaa mpaka Jumatatu, na nataka kwenda vijijini hasa: barabara nyembamba, magari machache, vilima vya kweli, kila jioni nilale kijiji kingine. Alps sitaki. Najua ni nzuri, lakini kupanda saa mbili nikiwa katikati ya msururu wa pikipiki si likizo yangu.

Mwaka jana nilijaribu Beaujolais kwa sababu iko karibu, nikaiachia programu ya simu inichoree njia. Asubuhi ilikuwa raha, mizabibu kulia na kushoto. Mchana ikanitoa kwenye lami ikaniingiza njia ya matrekta katikati ya msitu, kilomita 6, na tairi zangu ni za milimita 25. Nilitembea na baiskeli begani kama nimebeba mbuzi wa sadaka. Tangu siku hiyo sina imani na ule mstari wa buluu.

Nafikiria Ardèche, ila mwenzangu kazini anasema Drôme na mwingine anasema Auvergne. Nipange kilomita ngapi kwa siku? Kwenye tambarare namaliza 110 bila shida, kwa hiyo nimeandika 100. Gia zangu ni meno 50 na 34 mbele, 11 mpaka 28 nyuma, zinatosha? Na maji na chakula vinapatikanaje, maana nasikia kuna vijiji havina hata duka? Nitalala vyumba vya kupanga kwa wenyeji, nabeba mfuko mmoja tu nyuma ya siti.

Ventoux_au_basi

Treni mpaka Avignon, nenda Bédoin, panda Mont Ventoux, kilomita 21 kupanda tu, kilele karibu mita 1,910. Piga picha, rudi. Siku 1 imetosha, hizo 3 upumzishe miguu.

Babu_Mteremko

Ventoux, mwache mtoto wa watu. Kaomba vijiji, wewe unampa mlima ambao mwanamashindano wa Tour de France, Tom Simpson, alifia mwaka 1967.

Dada Salma, nenda Ardèche. Mimi nakaa Valence, ng'ambo tu ya mto Rhône, na bonde lile nimeliendeshea lori miaka 22, mpaka siku daktari aliponipima presha akaniambia nitafute cha kunitoa jasho. Nilinunua baiskeli nikiwa na miaka 47, sasa nina 59. Kwa hiyo barabara za huku nazijua kwa makalio ya aina mbili, ya siti ya lori na ya siti ya baiskeli, na nakuhakikishia si barabara zilezile.

Kwanza futa hizo 100. Huku hesabu ni mita unazopanda. Mimi kila mita 100 za kupanda nazihesabu kama kilomita 3 za nyongeza, na hesabu hiyo haijaniangusha sana. Siku ya kilomita 45 yenye mita 1,100 za kupanda, miguuni ni siku ya karibu 80. Atakayekuambia "ni 45 tu" muulize mara ya mwisho alipita lini.

Sababu iko kwenye maji. Mgongo wa Ardèche, kule juu kwenye Mont Gerbier de Jonc, ndio unaogawa mvua. Tone likiangukia magharibi linaingia Loire, linatembea zaidi ya kilomita 1,000 bila haraka mpaka Atlantiki. Likiangukia mashariki linakwenda Rhône, na Rhône iko hapohapo chini. Kwa hiyo mito ya upande huu ina pupa, imechimba mabonde kama kwa shoka. Barabara inafuata bonde, bonde linaisha, barabara inapanda mgongo na kudumbukia bonde la pili. Ndiyo siku yako nzima hiyo. Afadhali yake ni kwamba miinuko mingi ni mirefu lakini haina ukatili: asilimia 5, 6, kona baada ya kona. Ukitulia, unafika.

Ningekuwa wewe ningepita hivi.

Ijumaa shika TER, treni ya mkoa, ya asubuhi kutoka kituo cha Part-Dieu, safari ya saa moja na dakika kidogo, ushuke Valence Ville. Nasema Valence Ville, siyo Valence TGV. Hiyo ya pili iko nje ya mji, kama kilomita 10, na kila kiangazi namkuta mtu na mizigo yake anauliza mto uko wapi. Vuka Rhône mpaka Saint-Péray. Juu ya jabali utaliona gofu la ngome ya Crussol. Lisalimie kwa mbali, wewe shika njia ya Saint-Romain-de-Lerps. Hapo ndipo utakapojijua, maana ni kama mita 500 za kupanda na miguu bado ina usingizi wa treni. Ukifika juu kuna mahali pa kutazamia. Hewa ikiwa safi unaliona bonde lote, milima ya Vercors mbele yako, na nyuma yake zile Alps ulizozikataa. Kisha Alboussière, Vernoux, Chalencon, uteremke mpaka mto Eyrieux na kuufuata kwenda juu mpaka Le Cheylard. Jumla kama 70. Kando ya mto utaona reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli, wanaiita Dolce Via. Ni changarawe iliyoshindiliwa. Ikiwa kavu tairi zako zinapita, ikinyesha utarudi na uji mgongoni. Mimi hubaki kwenye lami.

Jumamosi ndiyo siku niliyokuwa naisema, ile 45 inayofanana na 80. Kutoka Le Cheylard shika D578 (zenye D ni barabara za jimbo), pita Dornas, panda mpaka kipito cha Mézilhac, mita 1,119. Mwanzo uko ndani ya miti ya chesnati. Juni inaanza kutoa maua marefu ya rangi ya krimu yenye harufu nzito. Mke wangu anasema inanuka, mimi naipenda. Kadiri unavyopanda chesnati zinakwisha, inakuja misitu mingine, halafu ghafla miti inaisha kabisa. Unatokea kwenye nyasi tupu, vichaka vya maua ya njano, ng'ombe, na upepo. Endelea Lachamp-Raphaël mpaka Gerbier, mlima wenyewe umesimama peke yake kama chungu kilichopinduliwa, mita 1,551. Chini yake kuna mabango matatu, kila moja linadai chemchemi yake ndiyo chanzo halisi cha Loire. Mimi naiamini ile iliyo ndani ya jengo la zizi, ambako mto mrefu kuliko yote Ufaransa unatoka kwenye bomba jembamba kuliko la bafuni kwangu. Weka mkono. Maji yanakata vidole hata Juni. Lala Sainte-Eulalie, na usiache koti. Usiku wa huko juu hautambui kiangazi.

Jumapili ni kushuka. Rudi Lachamp-Raphaël, ingia D215 kwenda Burzet. Njiani kuna maporomoko ya Ray-Pic, maji yanaanguka mbele ya ukuta wa mawe ya volkano yaliyopangika kama filimbi. Unatembea kwa miguu kidogo kuyafikia, na viatu vya baiskeli vyenye chuma chini havifai kwenye mawe yenye majimaji, kwa hiyo beba hata malapa.

Na hapa kwenye kushuka nisikilize. Wakati wa kiangazi mafundi wa barabara humwaga lami ya moto, wakatandaza kokoto juu yake, halafu wakaondoka. Kazi ya kuzishindilia wanaachiwa magari. Siku kadhaa zile kokoto zinalala pale hazijashika. Bango limeandikwa «gravillons». Kwenye lori nilikuwa nasikia tu zinagonga chini ya chasisi, sikuwahi kufikiria mwenye tairi nyembamba. Miaka 6 iliyopita nilishuka bonde mojawapo la huku, nikaona bango, nikasema nitapunguza baada ya kona. Kona haikungoja. Niliteleza kwa ubavu mpaka kwenye ukuta wa bustani ya mtu. Akatoka mzee, mkasi wa kukatia waridi mkononi, akanitazama, akasema «Ah, les gravillons» kama anayetaja jirani mkorofi. Akaleta beseni la maji na kibano cha nyusi cha mkewe. Tulitoa kokoto 9 kwenye kiganja na kiwiko, akawa anazipanga moja moja juu ya ukuta, kubwa kulia, ndogo kushoto. Tangu hapo nikiliona hilo bango nafunga breki palepale, kabla hata sijalimaliza kulisoma.

Kutoka Burzet ni mteremko mtamu mpaka Vals-les-Bains, ulale hapo. Mji wa chemchemi za madini, kuna moja bustanini inayoruka juu yenyewe mara chache kwa siku. Ukiikuta, bahati yako.

Jumatatu ramani itakushawishi upite kipito cha Escrinet kwenda Privas, mita 787 tu. Usipite. Ile ni N304, zenye N ni barabara kuu za taifa, nimepanda pale na lori mara nisizozijua idadi. Kwenye kioo changu cha pembeni mtu wa baiskeli alikuwa anaonekana, anapotea, anaonekana, na kwenye kule kupotea ndiko nilikokuwa nasali. N102 nayo vivyo hivyo. Tafuta vijia vya D vilivyo sambamba nayo, uende Villeneuve-de-Berg, kisha Alba-la-Romaine, ambako kuna ukumbi wa maigizo wa Warumi uwanjani, halafu Viviers. Vuka Rhône, nenda Montélimar, panda TER ya kurudi Lyon. Kama 60 na ushei, na ukishapita Villeneuve sehemu kubwa inashuka.

Ramani: nunua ya Michelin ya karatasi. Barabara nyekundu kimbia, njano vumilia, nyeupe ndizo zako. Kwenye miinuko wamechora vimishale, na kimishale kinaelekeza upande wa kupanda: kimoja ni asilimia 5 mpaka 9, viwili 9 mpaka 13, vitatu zaidi ya hapo, na vitatu ni vya mbuzi. Yenye mstari wa kijani pembeni ni ya mandhari nzuri, ila wenye pikipiki nao wanaujua huo mstari, hasa Jumapili. Simu itumie kujua uko wapi. Isikuambie uende wapi.

Maji: makaburini. Usicheke. Makaburi mengi ya vijijini yana bomba la kumwagilia maua, na yako mwanzoni au mwishoni mwa kijiji, utayaona kwa miti yake mirefu myembamba. Soma kwanza kama hakuna kibao cha «eau non potable», yaani maji yasiyonyweka. Mimi navua kofia ya chuma, natoa salamu, najaza chupa zangu mbili, nafunga bomba vizuri, naondoka. Hajawahi mtu kunikataza, aliye juu ya ardhi wala aliye chini.

Mkate: saa sita mchana kengele ya kanisa ikilia, duka linafungwa mpaka saa nane, wakati mwingine tisa. Jumapili mchana hakuna kitu. Jumatatu waokaji wengi hawafungui kabisa, na wewe Jumatatu uko njiani. Nunua Jumapili asubuhi.

Mambo ya gia nitarudi, mke wangu ananiita mezani.

Mama_Vesti

Babu kaeleza vizuri lakini sheria kaziruka, kama kawaida ya madereva wa malori.

Salma mdogo wangu, vijijini kuna kipaumbele cha kulia. Pasipo na alama yoyote, anayetoka kichochoro cha upande wako wa kulia ana haki ya kutangulia, hata kama ni trekta la samadi linalotembea kama kobe. Watu wa mjini tumezoea taa na mizunguko, tunasahau. Mimi nilishakutana uso kwa uso na gari la mkulima kwenye kona ya kanisa. Yeye hakuwa na kosa, mimi ndiye nilipigiwa honi.

Gari likikupita nje ya mji linatakiwa likuachie mita 1.5, ndani ya mji mita 1. Spika za masikioni ni marufuku, hata sikio moja. Kizibao cha kuakisi mwanga ni lazima nje ya mji usiku au ukungu ukitanda, na ukungu wa huko juu Gerbier unaweza kutanda saa nne asubuhi ya Juni, kwa hiyo kiwe mfukoni, kisiwe kabatini. Kengele na taa usiache. Likitokea la kutokea, piga 112, na ukiwa umepita jiwe lenye namba ya barabara na kilomita, wasomee hilo. Ni bora kuliko "nipo kwenye kona baada ya ng'ombe".

Ukienda mara nyingine vuli, waulize wenyeji kama siku hiyo kuna msako wa nguruwe mwitu. Juni shida hiyo ni ndogo.

Jibini_la_Salers

Samahani nawaingilia. Auvergne haijatetewa hapa. Cantal ina volkano nzima ya kupanda! Treni ya Clermont kwenda Aurillac inasimama Le Lioran, unashuka ukiwa tayari mlimani. Pas de Peyrol pale ubavuni mwa Puy Mary, mita 1,589, ndicho kipito cha juu kuliko vyote vya lami katika Massif Central, ile milima ya katikati ya Ufaransa. Kilomita za mwisho zinavuka asilimia 10, lakini ukifika juu unayaona mabonde yametawanyika pande zote kama miguu ya buibui. Majira ya baridi wanaifunga kwa theluji. Ukishuka upande wa pili unafika Salers, nyumba za mawe meusi, ng'ombe wekundu wa pembe ndefu, na jibini.

Ila usije ukadanganywa na mtu kuhusu Puy de Dôme. Baiskeli hairuhusiwi kupanda, tangu 2012 ile barabara iko na treni ya meno. Hata Tour de France ilipopanda 2023, watazamaji walizuiwa kilomita za mwisho. Wengi wanafika getini na baiskeli zao wanabaki kupiga picha ya geti.

Salma_wa_Saône

Jamani asanteni, sikutegemea yote haya. Jibini, kutoka Lyon mpaka Le Lioran naona kuna kubadili treni, na kwa siku 4 naona nusu ya likizo itaishia vituoni. Nakuwekea Septemba.

Babu, nimezunguka nyumba nzima natafuta kibano cha nyusi cha kubeba. Maswali mawili tu. Hiyo Jumamosi ya 45, nikifika Gerbier saa saba mchana nitafanya nini siku nzima? Na gia?

Babu_Mteremko

Hutafika saa saba. Ukifika saa saba nitakununulia chakula.

Gia sasa. Meno 34 mbele na 28 nyuma, ukikanyaga mizunguko 70 kwa dakika, unakwenda karibu kilomita 10.7 kwa saa. Kwa asilimia 6 na mfuko nyuma, hiyo ni kazi ya mtu mwenye mazoezi, na utaifanya saa moja na nusu mfululizo. Utashindwa, utaanza kukanyaga 50, magoti yatalia. Weka kaseti ya 11 mpaka 34. Meno 34 mbele na 34 nyuma, mizunguko ileile 70, unakwenda kama 8.8. Kwenye karatasi tofauti haifiki kilomita 2 kwa saa. Kwenye goti ni kama kubadilishiwa mguu. Muulize fundi kwanza kama kihamisha gia chako cha nyuma kina shingo ndefu ya kutosha, maana vile vifupi havifiki 34, na mnyororo nao huenda ukahitaji kurefushwa.

Na usione haya. Hapo juu kidogo tu, Saint-Étienne, kulikuwa na bwana mmoja, Paul de Vivie, akijiita Vélocio. Aliwahubiria watu gia nyingi zamani sana, wakati wanaume wa mashindano wanasema gia ni za wazee na wanawake. Amekufa 1930. Tour de France imekuja kuruhusu baiskeli za kuhamisha gia 1937. Kumbukumbu yake ipo kwenye kipito cha République, mita 1,161, na kila nikipita pale na 34 yangu nyuma nampigia kengele mara mbili.

Jambo la mwisho, la lori hili. Dereva wa lori huchagua gia kabla mlima haujaanza. Ukingoja mpaka umebanwa, mnyororo una uzito wote wa mwili wako, unalazimisha, unakatika au unaruka. Ukiona kimishale kwenye ramani, au ukiona barabara mbele imeinua kichwa, shusha gia ukiwa bado una mwendo. Utaonekana unazungusha miguu hewani sekunde chache. Waache wakuone.

Ventoux_au_basi

Mimi nina 28 nyuma na nimepanda Ventoux.

Babu_Mteremko

Tunajua, mkuu. Ulitembea kutoka Chalet Reynard, pale mgahawani kabla ya kilele.

Ventoux_au_basi

Kulikuwa na upepo.

Salma_wa_Saône

Nimerudi jana usiku. Naandika kitandani, miguu juu ya mto.

Fundi aliweka 34, mnyororo ukarefushwa, jumla euro 78 pamoja na kazi, na aliponiuliza naenda wapi nikamtajia Mézilhac, akapunguza euro 5 bila kusema kitu. Ijumaa nilifika Le Cheylard nikiwa na kiburi. Jumamosi kiburi kilibaki Dornas. Niliitumia ile 34 kwa saa nzima na dakika zake, nikipitwa na mama mmoja wa kama miaka 70 kwenye baiskeli ya chuma, kikapu mbele, ndani ya kikapu kuna majani ya vitunguu. Alinisalimia. Baadaye nilimkuta juu amekaa kwenye ukuta anamenya yai.

Gerbier sikuiona. Ukungu mtupu, Mama Vesti, saa nane mchana, nikavaa kizibao na kuwasha taa. Niliona ng'ombe kwa harufu kabla ya kumwona kwa macho. Lakini bomba nililipata, nikaweka mkono, nikahesabu mpaka 12 nikaushindwa. Babu, nilifika pale saa tisa kasoro, kwa hiyo chakula chako kimesalimika.

Sainte-Eulalie mwenye nyumba alinipa supu mara tatu na akaniwekea soksi zangu juu ya jiko. Jumapili Ray-Pic na malapa, kweli bila malapa ningevunjika. Burzet nilinunua mkate, na pale dukani nikaona tyubu ya krimu ya chesnati, imefungwa kama dawa ya meno, nikanunua mbili. Basi hiyo ndiyo iliyoniokoa Jumatatu, kwa sababu mkate niliumaliza Jumapili usiku kwa ulafi, na Villeneuve-de-Berg nilikuta pazia la chuma limeshushwa kama ulivyosema. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa nakamua tyubu mdomoni. Mtoto mmoja alisimama kunitazama, akamwita mama yake.

Vijia vya D nilivipoteza mara moja nikajikuta N102 kwa kama kilomita 2. Lori moja lilikaa nyuma yangu bila kupiga honi mpaka nilipopata pa kutokea. Nilimpungia dereva mkono. Sijui kama kwenye kioo alikuwa bado ananiona.

Jibini, Septemba nzuri kuanzia wiki ya ngapi?

Jibini_la_Salers

Ya kwanza au ya pili. Baadaye asubuhi zinaanza kuwa na baridi ya kuuma masikio. Nitakuandikia njia nzima, na nakuonya mapema, kule maduka ni machache kuliko Ardèche.

Babu_Mteremko

Kokoto ngapi?

Salma_wa_Saône

Moja. Ndani ya kiatu.